Mashua Iliyotekwa Ikaandikwa Imeibiwa

Mashua ilitoka Kizingitini, kisiwani Pate, baada ya sala ya alfajiri na makasha manne ya barafu, ndani yake kambakoche, ambao sisi huku tunawaita kamba tu. Ikapitia Mtangawanda kuchukua abiria, kama mashua nyingi zifanyavyo. Wakapanda wanaume watatu na mikoba midogo, nauli wakalipa mkononi. Ilikuwa ifike Lamu kabla ya adhuhuri, mzigo uvushwe Mokowe, upakiwe gari la Malindi. Haikufika. Jioni wavuvi waliikuta ndani ya hori la mikoko, kaskazini ya mkondo wa Mkanda. Injini ilikuwa nzima, makasha matupu, nahodha na mabaharia wake wawili wamefungwa kwa amari ya chombo chao wenyewe. Hakuna aliyeuawa, alhamdulillahi. Nahodha alikuwa na jeraha la panga kiganjani.

Mimi niliingia katika kisa hiki wiki tatu baadaye, na kilichoniingiza ni neno moja. Kazi yangu ni kufasiri: hati za viwanja, vyeti vya ndoa, barua za mahakamani, chochote kinacholetwa. Mwenye mashua alinijia na karatasi mbili, akaziweka mezani, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee. Naambiwa nimeshindwa na karatasi yangu mwenyewe."

Karatasi ya kwanza ilikuwa mkataba wake na mnunuzi wa Malindi, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza kitupu. Watu wawili waliozaliwa na Kiswahili kinywani, wanaosalimiana kwa Kiswahili, wanaogombana na kupatana kwa Kiswahili, walitia saini Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekisoma hadi mwisho. Jambo hili linaniuma kila nikilikuta, na nalikuta mara nyingi. Kifungu chenye shida kilikuwa kifupi. Mzigo ukipotea njiani kwa wizi au kwa uzembe, hasara ni ya mwenye chombo. Ukipotea kwa dhoruba au kwa "hijacking", neno la Kiingereza la kutekwa chombo, hasara ni ya mnunuzi. Basi. Thamani ya mzigo ilikuwa inashinda bei ya injini ya mashua ile, kwa hiyo neno hilo moja lilikuwa limebeba riziki ya nyumba nzima.

Karatasi ya pili ilikuwa ya polisi. Nahodha alieleza yaliyomfika kwa Kibajuni chake cha Kizingitini. Askari aliyemsikiliza ni mtu wa bara, na hilo si kosa lake. Alisikia kadiri alivyoweza, akaandika kwa Kiingereza jina la kosa kama lilivyo katika kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, lile ambalo Wakenya wote tunaliita wizi wa mabavu. Upande wa mnunuzi ukaisoma taarifa ile kwa Kiswahili: wizi wa mabavu. Siku mbili baadaye, kwenye simu, likabaki neno moja: wizi. Polisi wenyewe wameandika wizi, mkataba unasema wizi ni hasara ya mwenye chombo, maneno ya nini tena?

Hebu tazama safari ya neno hilo. Kwa Kiingereza cha sheria, kuiba na kunyang'anya kwa nguvu ni makosa mawili yenye majina mawili yasiyofanana kabisa. Kiswahili cha mahakama zetu kiliyapa jina la ukoo mmoja, "wizi", kisha kikatofautisha kwa mkia, "wa mabavu". Mkia ukikatwa, kosa linageuka. Na mkia hukatwa kirahisi sana, hasa na mwenye faida ya kuukata.

Nilikwenda kumwona nahodha kwake. Nilimkuta ukumbini, mkono umefungwa kitambaa. Hakutaka kuzungumza habari za makasha. Alichukua bakora ya baba yake, akaiegemeza kwapani kama anavyoishika kana ya usukani, akaniambia nishike mwisho wake. "Vuta." Nikavuta. Akakaza. "Sasa nitoe vidole." Nikamtoa kidole kimoja kimoja, cha shahada, cha kati, cha pete, hadi bakora ikabaki mikononi mwangu. "Hivyo ndivyo," akasema. "Kamba waliwachukua baadaye, nishafungwa. Mimi sikuibiwa, mwalimu. Mimi nilipokonywa kana, chombo kikaenda nisikotaka. Nilitekwa."

Hapo nikajua nitakwenda kusema nini barazani, mbele ya wazee wa kuamua shauri hili. Lakini neno "nilitekwa" nalo lina uzito wake huku kwetu, na lazima niueleze, kwani ulikaribia kuharibu kesi.

Kijana aliyeikuta mashua horini alipiga simu Kizingitini na kusema, "Nahodha ametekwa." Nyumbani kwa nahodha hawakusikia habari za mashua wala za kamba. Walisikia Somalia. Kilio kikaanza kabla simu haijakatwa. Anayewalaumu hakuwapo Lamu mwaka 2011. Septemba mwaka ule watu wenye silaha waliingia katika hoteli moja ya Kiwayu usiku, wakamuua mgeni Mwingereza, wakamchukua mkewe kwa boti hadi Somalia. Oktoba mosi wakamchukua mwanamke Mfaransa aliyekuwa akiishi Manda, akafia mikononi mwao. Mwezi huo huo jeshi la Kenya likavuka mpaka, na wavuvi wetu wakapigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka. Tangu hapo, ukisema "ametekwa" Lamu, anayesikia huhisi mtu amevushwa mpaka na kuna fidia itadaiwa. Mpwa wa mnunuzi alilitumia hilo: "Kama nahodha alitekwa, mbona alirudi siku ile ile? Nani aliombwa fidia?"

Kweli, neno letu ni pana. Tunasema kuteka mji, na wanaoshikwa vitani tunawaita mateka. Nyara ni vile vitu ambavyo mshindi anarudi navyo. Kwa hiyo "kuteka nyara", ukilisikiliza polepole, linaanzia kwenye mali iliyopatikana kwa nguvu. Magazeti na redio zikalichukua kwa watu wanaoshikwa ili walipiwe, kisha kwa ndege, kisha kwa meli. Leo mtoto aliyechukuliwa njiani, lori lililochukuliwa barabarani na ndege iliyogeuzwa angani, vyote vimetekwa nyara. Kiingereza kinavitenganisha. Sidhani kama upana huu ni umaskini wa lugha yetu, lakini unamtaka mfasiri aulize kila mara: kilichoshikwa ni nini? Mtu, mali, au uongozi wa chombo?

Mfano upo katika historia ya pwani hii, na nitautaja kwa sababu mnunuzi ni mtu wa Malindi na nguzo ya Mreno angali nayo mjini kwao. Tarehe 14 Aprili 1498, Vasco da Gama akitoka Mombasa kuelekea Malindi, watu wake waliona vyombo viwili baharini, wakavifukuza, wakakipata kimoja. Kwa mujibu wa shajara iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia wake, kilikuwa na watu 17, dhahabu, fedha na nafaka, na kati ya abiria mzee mmoja wa heshima na mkewe kijana. Walipofikiwa walijitosa wote majini, wakaopolewa mmoja mmoja. Hicho ni chombo kutekwa: safari ilikatwa, chombo na vilivyomo vikawa mikononi mwa mwingine. Siku nane baadaye, tayari yuko mbele ya Malindi na urafiki umefungwa, mfalme alikawia kumpa rubani wa kumvusha Bara Hindi. Da Gama akamzuia melini mtumishi aliyeaminiwa na mfalme, akapeleka ujumbe kwamba anamtaka rubani. Rubani akaja, mtumishi akaachiliwa, na tarehe 24 meli zikang'oa nanga. Huyu alikuwa mtu aliyeshikwa ili kitu kitolewe. Ni pwani ile ile na siku nane tu kati yake, mambo mawili mbalimbali, na Kiswahili kitasema kote "aliteka". Da Gama mwenyewe hakuwa na neno "hijack". Lilikuwa bado zaidi ya miaka 400.

Neno hilo ni la Marekani, na ni jipya kuliko watu wanavyodhani. Lilishika katika maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati ulevi umepigwa marufuku kwa sheria nchi nzima, tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933. Pombe ikawa mali ya magendo. Ilisafirishwa usiku kwa malori, na kwa bahari zilitia nanga meli nje ya New York, maili tatu kutoka ufukweni, ambako sheria haikuzifikia hadi mpaka uliposukumwa mbali zaidi mwaka 1924. Boti ndogo za kasi zilikwenda kuchukua mzigo melini na kurudi nao. Wakazuka watu wengine ambao hawakununua wala kuuza. Walivizia lori barabarani au boti majini, wakamtisha dereva kwa bunduki, wakaondoka na mzigo, mara nyingi na chombo chenyewe. Aliyepokonywa angemwendea nani? Akienda polisi anajishtaki mwenyewe. Huo ndio uovu uliopewa jina la "hijack": kumvamia msafirishaji akiwa njiani.

Kuhusu neno lenyewe lilikotoka, wanaisimu hawajakubaliana. Hadithi inayopendwa zaidi ni kwamba mnyang'anyi alimwamuru dereva kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mikono juu, Jack", Jack likiwa jina la kumwitia yeyote usiyemjua. Wengine wanasema ni salamu, "hi, Jack", ya kumfanya dereva asimame kwa kudhani anaitwa na rafiki. Kuna dhana ya tatu ambayo mimi naipenda kwa kuwa inanuka jasho la kazi: wachimbaji wa zinki wa Missouri waliyaita madini yao "jack", na kuiba yale yaliyo bora kukaitwa kwa jina linalofanana na hilo. Hakuna hata moja iliyothibitishwa. Hadithi za "hi, Jack" zina dalili za kutungwa baada ya neno kuwapo, kama zile tunazosikia kila siku kuhusu majina ya miji yetu.

Haya yote niliyaeleza barazani, siku ya kikao, mtaani Langoni, chini ya wazee watatu waliokubaliwa na pande zote mbili. Nilikuwa na sababu. Mpwa wa mnunuzi, kijana msomi na mwenye adabu, alikuwa ameshasimama na hoja tatu, na aliziamini.

Ya kwanza: neno hilo ni la ndege, na Jack ni rubani. Kila mtu amesikia habari za ndege iliyotekwa ikapelekwa Entebbe mwaka 1976. Nikamwambia, mwanangu, umeshika mwisho wa kamba ukadhani ndio mwanzo. Neno lilikuwa la malori na boti kwanza. Tukio la ndege linalotajwa sana kuwa la mwanzo ni la Februari 1931, huko Arequipa nchini Peru, wanamapinduzi walipoizingira ndege ya rubani Mmarekani Byron Rickards wakitaka awarushe. Ndege zilipoanza kugeuzwa mara kwa mara kuelekea Kuba katika miaka ya 1960, magazeti ya Marekani yalilichukua neno lililokuwapo, hata wakaunda jingine la angani kwa mfano wake. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini The Hague mwaka 1970 haukulitumia neno hilo katika jina lake. Unazungumzia kukamata ndege isivyo halali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 kuhusu usafiri wa baharini inalitaja kosa la kuteka meli kando ya uharamia. Ndege haina hatimiliki ya neno hili.

Ya pili: hapakuwa na bunduki, ni panga moja tu, na nahodha alikatwa kidogo. Hapa nilirudi kwenye mkataba ule ule wa The Hague, kwa sababu maneno yake yanasaidia. Unasema kukamata chombo au kukitawala kwa nguvu, kwa tishio la nguvu, au kwa namna nyingine yoyote ya kutisha. Haikutajwa silaha. Na unaeleza hata muda: ndege inahesabiwa iko safarini tangu milango yote ya nje ifungwe baada ya abiria kuingia, hadi mlango mmojawapo ufunguliwe washuke. Mashua haina mlango, lakini ilishang'oa nanga Mtangawanda na ilikuwa haijagusa Lamu. Mzee mmoja alitikisa kichwa kuafiki, kisha akauliza kama panga lilikuwa la kukatia mikoko au la nazi. Sijui kwa nini alitaka kujua, lakini nahodha alimjibu kwa makini: la mikoko.

Ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Kijana alisema: wale hawakuvamia. Waliingia kwa ruhusa, kwa nauli. Nahodha mwenyewe aliwapa mkono kupanda. Maharamia hutoka nje kwa chombo chao, na hawa walikuwa abiria. Kama umemkaribisha mwizi nyumbani, huo ni uzembe, na uzembe umo katika mkataba.

Kuhusu maharamia alikuwa na haki. Uharamia, kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ni wa chombo kimoja dhidi ya kingine, na ni katika bahari kuu isiyo ya nchi yoyote. Ghuba ya Manda, mashua ilikotekwa, haimo. Lakini pengo hilo lilishaonekana na kuzibwa. Oktoba 1985, watu wanne waliopanda meli ya watalii Achille Lauro kama abiria waliiteka katika Bahari ya Mediterania na kumuua abiria mmoja. Wanasheria wakaona kwamba sheria za uharamia haziwakai sawasawa, maana hapakuwa na chombo cha pili. Kwa hiyo mwaka 1988, mjini Roma, ukatungwa mkataba unaomtazama anayekikamata chombo na kukitawala, bila kujali alivyoingia. Abiria mwenye tikiti anaweza kuwa mtekaji. Kwa hakika, watekaji wa ndege huingia hivyo karibu wote, kwa tikiti, kwa kukaribishwa.

Baada ya hapo sikuwa na la kuongeza. Nikakaa, nikadhani shauri limekwisha. Halikwisha. Mzee wa katikati, mwalimu wa madrasa wa miaka mingi, alisema maneno ambayo yaliwaingia watu kuliko mikataba yangu yote. Akasema katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mwizi ni mwenye kuchukua kwa siri kitu kilichohifadhiwa. Anayechukua waziwazi kwa nguvu haitwi mwizi, huyo amefanya ghasbu. Na anayewazuia watu njiani kwa silaha ni mkata njia, na huyo ana mlango wake peke yake. Akamgeukia kijana. "Wale watatu, walichukua kwa siri?" Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "La, sheikh." "Basi jina la mwizi haliwafai. Mwondolee nahodha neno hilo la wizi."

Mnunuzi mwenyewe, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema atabeba hasara ya mzigo. Si furaha, na sikutarajia awe na furaha. Ni hasara kubwa, naye hakuiba wala hakuteka. Mwenye mashua, bila kuombwa, akasema gharama ya barafu na makasha ni juu yake. Faili la polisi liko wazi bado, na wale watatu hawajapatikana. Niliandika tafsiri mpya ya maelezo ya nahodha kwa Kiingereza, yeye akikaa kando yangu, nikaipeleka kituoni, ikapokewa na kuambatanishwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa mkataba. Wote wawili walitaka uandikwe upya, na safari hii kwa Kiswahili. Nilikaa nao alasiri nzima juu ya kifungu kile. Sikulitaka neno "kutekwa" peke yake, kwa yale niliyoyaona kwa jamaa wa nahodha. Sikutaka "wizi" likaribie kabisa. Nikaandika: "Chombo kikiwa safarini, mwenye kukiongoza akipokonywa uongozi wake kwa nguvu au kwa kitisho, na mtu yeyote, aliyetoka nje au aliyekuwa ndani, hasara ya mzigo ni ya mnunuzi."

Nikamsomea nahodha, maana yeye ndiye atakayesafiri nao. Akasikiliza, akaniomba nirudie. Kisha akasema neno "uongozi" ni la wanasiasa, niandike kana. Nikalikata, nikaandika kana.